Kuchonga pete kwa nta na kuisubu kwa fedha

Wanaojifunza kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu, huogopa moto, ilhali pete nyingi huharibika kabla tochi haijawashwa. Fedha iliyoyeyuka hunakili kila kilichoachwa na nta ndani ya kalibu: mkwaruzo wa tupa, alama ya kidole, kiputo kidogo cha hewa, ufa wa plasta iliyoharakishwa. Ndiyo maana hapa nta na plasta zimepewa nafasi kubwa, na kuyeyusha fedha, ambako ndiko macho ya kila mtu huelekea, kumepewa nafasi ndogo.

Kazi tunayoieleza ni pete moja yenye umbo la sanamu juu yake, iwe kichwa cha mnyama, jani lililojikunja, fundo, au umbo tu lililokupendeza. Inachongwa kwa nta ngumu, nta inazikwa kwenye plasta na kuunguzwa tanurini, kisha nafasi iliyoachwa, ndiyo kalibu, inajazwa fedha ya 925, yaani fedha asilimia 92.5 na shaba asilimia 7.5. Kama ni warsha ya watu kadhaa, igawe kwa siku mbili: siku ya kwanza kuchonga na kumimina plasta, usiku tanuri lifanye kazi yake, siku ya pili kusubu na kumalizia. Kubana yote katika siku moja hakuwezekani bila kuharibu kitu.

Nta

Nta ya kuchongea si ile ya mishumaa. Ya mishumaa ni laini, humeguka, wala haishiki ukingo mkali. Masonara hutumia nta ngumu ya viwandani, inayouzwa ikiwa bomba lenye tundu katikati kwa ajili ya pete, au bamba na tofali kwa kazi nyingine. Kwa kawaida rangi hueleza ugumu: ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote, ya zambarau ni ya wastani, ya buluu hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kwa umbo lenye mikato midogo chagua kijani. Kwa mikunjo mipana zambarau inatosha, na huchongeka haraka zaidi.

Kata kipande cha bomba kwa msumeno wa sonara uliofungwa uzi uliosokotwa. Uzi bapa wa kukatia metali hupata joto kwa msuguano, nta ikayeyuka na kuganda nyuma yake, uzi ukanasa. Acha kipande kiwe kipana kuliko pete unayoitaka kwa milimita 1 kila upande, kisha kisawazishe kwa kukisugua juu ya msasa namba 220 uliolazwa mezani.

Anza na tundu la kidole. Fimbo ya kupanulia pete za nta ina wembe ubavuni. Izungushe taratibu mara chache, geuza pete, uzungushe tena kutoka upande wa pili, kwa sababu fimbo ni nyembamba nchani na usipogeuza tundu litakuwa pana upande mmoja. Hapa pana hesabu inayowachanganya wengi. Fedha ikiganda na kupoa hunywea kwa takriban asilimia 1.5 hadi 2, hivyo tundu la milimita 17.5 litatoka na kama milimita 17.2. Lakini tupa na msasa ndani ya pete hulipanua tena kwa milimita 0.2 hivi. Mambo hayo mawili karibu yanafutana, na kwa tundu unaweza kuchonga kipimo kilekile cha kidole. Ukiwa na shaka, bakia upande wa udogo, maana pete inayobana hupanuliwa kwa urahisi kuliko inayopwaya kupunguzwa.

Unene ni habari nyingine, kwani hapo kila kitu kinapunguza: kunywea, tupa, msasa na kung'arisha. Ukitaka ukuta wa milimita 1.8 mwishoni, acha nta iwe 2.0 hadi 2.1. Popote pale usishuke chini ya milimita 0.8, kwa sababu fedha huganda njiani kabla ya kufika mwisho wa ukuta mwembamba kiasi hicho.

Sasa chonga kama mchongaji sanamu anavyochonga, kutoka kwenye umbo kubwa kwenda kwenye dogo. Kwa bikari chora mstari wa katikati kuzunguka pete yote na usiufute mpaka mwisho. Chora umbo linavyoonekana kwa ubavuni, kata ziada yote ya mwonekano huo kwa msumeno na tupa kubwa, kisha chora linavyoonekana kutoka juu, ukate tena. Utabaki na umbo la pembepembe lenye uwiano sahihi. Hapo ndipo unapoanza kuviringisha kingo. Anayekimbilia kuchonga macho na manyoya kabla ya kuweka sawa fuvu hujikuta anayafuta na kuyarudia, kila mara nta ikipungua.

Tupa za nta ziwe za nta tu. Tupa iliyowahi kupita kwenye chuma au shaba huacha chembe za metali ndani ya nta, na chembe hizo haziungui tanurini. Hubaki kwenye kalibu na kuishia ndani ya pete yako. Kwa mikato midogo tumia vifaa vya chuma vya mkono kama vya daktari wa meno, ukikwaruza badala ya kuchimba. Ukikosea ukakata mno, yeyusha tone la nta ya rangi ileile kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto kwenye taa ya spiriti, utie tone hilo, uache lipoe, uchonge upya. Tumia spiriti, maana mwali wake hauna masizi. Tone lililodondoshwa juu ya nta baridi bila kuyeyusha sehemu ya chini hubanduka baadaye, kwa hiyo choma kidogo uso wa nta kwanza.

Nyanyua pete mbele ya taa kila baada ya muda. Nta hupitisha mwanga, na sehemu iliyokonda hung'aa kuliko nyingine, jambo ambalo kidole hakilitambui. Ikiwa umbo la juu ni nene kuliko milimita 3 au 4, lichimbe kwa chini, upande unaogusa kidole, libaki na ukuta wa milimita 1.5 hivi. Pete itakuwa nyepesi, na fedha itaganda kwa usawa. Bonge nene lililoungana na ukuta mwembamba ni chanzo cha vishimo ambavyo tutavirudia mbele.

Maliza kwa msasa namba 400, kisha 600, mwishowe kipande cha soksi ya nailoni. Usijaribu kulainisha nta ngumu kwa kupitisha mwali juu yake, maana mikato yote mikali itazama. Mkwaruzo unaofutika kwa dakika moja kwenye nta utakula robo saa kwenye fedha, na ukiwa ndani ya kona hautafutika kabisa.

Mirija na uzito

Fedha inahitaji njia ya kuingilia, na njia hiyo hutengenezwa kwa mrija wa nta unaounganishwa na pete. Unene wake uwe sawa na sehemu nene kuliko zote ya pete, au uzidi kidogo. Kwa pete ya kawaida ni milimita 2.5 hadi 3.5. Urefu milimita 8 hadi 10. Mrija ukiwa mwembamba huganda kabla ya pete, na pete inayoendelea kuganda hukosa pa kuvuta fedha ya kujaza nafasi inayoachwa na kunywea. Ukiwa mrefu mno matokeo ni yaleyale.

Unganisha mrija na sehemu nene, kamwe si na ukuta mwembamba unaopeleka kwenye bonge. Kama bonge liko juu na ni zito, mrija uende huko, mahali ambapo hautaharibu uso uliochongwa, kwa mfano ubavuni. Pete yenye bonge juu na duara nene chini huhitaji mirija miwili inayokutana. Maungio yawe na mzunguko laini, yasiwe na shingo iliyobanwa wala kona kali. Kona kali ya plasta humeguka fedha inapopita kwa kasi, na vipande huingia kwenye pete.

Pima uzito wa nta pamoja na mrija kabla ya kuibandika kwenye kitako cha mpira. Uzito huo uzidishe kwa 10.4, ndio uzito wa fedha ya 925 unaohitajika, kisha ongeza gramu 10 za kukaa juu ya mrija kama akiba. Nta ya gramu 1.2 inadai fedha gramu 12.5, na pamoja na akiba gramu 22.5. Akiba hiyo haipotei: ndiyo inayobaki kimiminika kwa muda mrefu zaidi na kulisha pete inaponywea, kisha hukatwa na kutumika tena.

Simamisha nta kwenye kitako, uivalishe mkebe wa chuma cha pua, uhakikishe pana milimita 6 au zaidi kati ya nta na ukuta wa mkebe, na milimita 12 kati ya nta na upande wa juu. Karibu zaidi ya hapo plasta hupasuka kwa shinikizo. Pete mbili au tatu zinaweza kukaa mkebe mmoja iwapo haziko karibu kwa chini ya milimita 5.

Plasta

Plasta ya kusubia si ya ukutani. Ni mchanganyiko wa jasi na silika za aina mbili, na silika ndiyo inayoivumilisha joto. Vumbi la silika huharibu mapafu pasipo tiba. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ya daraja la N95 au FFP3, tangu kufungua mfuko mpaka unga wote uwe umelowa, na tena wakati wa kuvunja kalibu. Usifagie unga uliomwagika, upanguse kwa kitambaa kilicholowa. Katika karakana yenye wanafunzi sheria hii isiwe na mjadala.

Karakana za masonara zilipata kazi hii ndogondogo ya nta na plasta kutoka kwa madaktari wa meno: mwaka 1907 Mmarekani William Taggart alionyesha jinsi ya kusubu vijazio vya dhahabu vya meno kwa namna hii. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, walikuwa wakisubu vichwa vya shaba kwa nta na udongo karne nyingi kabla yake. Tofauti ya plasta ni kwamba inadai saa mkononi.

Kipimo ni mililita 40 za maji kwa kila gramu 100 za unga. Mkebe wa kipenyo cha milimita 64 na kimo cha milimita 76 unahitaji gramu 350 za unga na mililita 140 za maji, ukijumlisha ziada kidogo. Pima kwa mizani na silinda ya kupimia, si kwa macho. Maji yakizidi plasta inakuwa dhaifu na kupasuka, yakipungua inakuwa nzito na kushika viputo. Maji yawe nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi. Ya moto zaidi huharakisha kuganda.

Kabla ya kuchanganya, paka nta sabuni ya maji kidogo iliyotiwa kwenye spiriti, uiache ikauke kabisa. Nta hukataa maji, na bila kupakwa plasta huikwepa na kuacha viputo usoni. Zungushia mkebe utepe wa karatasi wenye gundi ufike sentimita 3 juu ya ukingo, maana plasta itafura.

Una takriban dakika 9 tangu unga ugusane na maji. Tia unga ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya unga. Koroga dakika 3 mpaka iwe kama uji mwepesi usio na madonge. Weka bakuli chini ya kuba la pampu ya kuvuta hewa: plasta itafura, itachemka kwa nguvu bila joto, kisha itashuka. Endelea kwa dakika 1 na nusu. Mimina kwenye mkebe kwa ukuta wake, taratibu, usimwagie nta moja kwa moja, kisha rudisha mkebe wote kwenye pampu kwa dakika 1 na nusu nyingine huku ukigongagonga meza. Jaza mpaka juu na uuweke mahali pasipotikisika.

Muda una mitego miwili. Ukichelewa, plasta inaanza kushika huku pampu bado inavuta, na viputo vinabaki palepale vilipo. Ukiwahi mno, ukamaliza kila kitu dakika ya 5, maji hujitenga na plasta, hutiririka kando ya nta, na kuacha michirizi ambayo utaiona kwenye fedha. Lenga kumaliza kati ya dakika ya 7 na ya 8. Kisha usiuguse mkebe kwa saa 2.

Tanuri

Ng'oa kitako cha mpira, kwangua plasta iliyomwagika juu ya chuma, na andika namba ya mkebe. Plasta iingie tanurini ikiwa bado na unyevu. Unyevu ukigeuka mvuke huisukuma nta nje kabla haijanyonywa na kuta za kalibu. Mkebe uliolala siku nzima na kukauka uchovye majini kwa dakika moja kwanza.

Kalisha mkebe tundu la mrija likiwa chini, juu ya wavu au vigingi vya matofali, nta ipate kutiririka na hewa ipite. Ratiba inayofaa mkebe wa kipimo tulichotaja: saa 2 kwa nyuzi 150, saa 2 kwa nyuzi 370, saa 3 kwa nyuzi 730, kisha shuka hadi nyuzi 500 na ukae hapo saa 1 na nusu kabla ya kusubu. Upandaji uwe wa nyuzi 4 kwa dakika au chini ya hapo. Sababu ni silika yenyewe: aina moja hubadilika umbo na kutanuka ghafla kati ya nyuzi 200 na 270 hivi, nyingine kwenye nyuzi 573. Ukipita hapo kwa kasi kalibu inapasuka.

Usivuke nyuzi 750. Jasi huanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa, ambayo huchafua uso wa fedha na kuufanya uwe mweusi na mkavu. Joto la tanuri za bei nafuu haliaminiki, kwa hiyo pima kwa kipimajoto cha pili angalau mara moja uijue tofauti. Moshi wa nta usivutwe na mtu: tanuri liwe chini ya bomba la kutolea hewa au nje kabisa. Mwishoni mwa kipindi cha nyuzi 730 chungulia tundu. Plasta inayolizunguka iwe nyeupe. Kijivu au weusi ni kaboni iliyobaki, na kaboni huzuia hewa kupita kwenye plasta na kuacha vishimo. Ongeza saa 1 badala ya kujipa moyo.

Kusubu

Mavazi: shati la pamba lenye mikono mirefu, aproni ya ngozi, viatu vilivyofunika vidole, glavu za ngozi, miwani ya giza, nywele zimefungwa. Nguo ya nailoni huyeyukia ngozini. Sakafu ya saruji chini ya eneo la kumimina ifunikwe kwa mchanga mkavu au sinia ya chuma yenye mchanga, kwani fedha iliyoyeyuka ikiangukia saruji yenye unyevu hurushwa juu na mvuke. Mtu mmoja asubu, mmoja amsaidie, wengine wakae umbali wa mita 2 au zaidi.

Chungu kipya cha kuyeyushia kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kinyunyiziwe boraksi, na kizungushwe mpaka boraksi ikifunike kama kioo. Chungu kisichopakwa hutoa chembe za udongo. Kila metali iwe na chungu chake. Chungu kilichowahi kuyeyushia kitu chenye metali ya risasi kitupwe: risasi kidogo tu hula fedha na kuitoboa kila inapopashwa moto.

Yeyusha fedha kwanza, mkebe ukiwa bado tanurini. Weka mwali mpana na laini, wenye gesi kuzidi oksijeni kidogo, na uufunike uso wote wa fedha wakati wote. Fedha iliyoyeyuka hunyonya oksijeni mara nyingi kuliko ujazo wake na kuitema inapoganda. Ndiko vinakotoka vishimo vya gesi. Mwali unaopiga mluzi una oksijeni nyingi mno. Chembe za fedha zitalegea, zitakusanyika, kisha zitakuwa tone moja linalong'aa kama kioo na kuzunguka chini ya mwali. Nyunyiza boraksi kidogo, koroga kwa fimbo ya kaboni iliyopashwa moto kwanza. Fedha ya 925 huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 893, nawe unaimimina ikiwa na nyuzi 960 hadi 980. Ikitoa moshi au kuchemkachemka, umepitiliza.

Msaidizi atoe mkebe na kuukalisha juu ya mpira wa silikoni wa mashine ya kuvuta hewa, tundu likiwa juu. Washa pampu, tazama kipimo kionyeshe mvuto. Kisiposhuka, kuna mkwaruzo kwenye mpira au chini ya mkebe. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika, mwali ukifuata mdomo wa chungu mpaka mwisho. Tangu mkebe kutoka tanurini hadi kumimina isizidi dakika moja. Acha pampu ivute kwa dakika 2.

Wenye mashine ya mkono unaozunguka kwa springi wasawazishe uzito wa mkono kabla, mkebe na chungu vikiwa mahali pake, wauzungushe mara 2 au 3 tu kwa mkebe mdogo, na ngao ya chuma iuzunguke mzima. Mashine hiyo hujaza maumbo membamba vizuri sana, ila fedha iliyozidi kipimo huruka kando kwa usawa wa tumbo.

Kufungua kalibu

Subiri dakika 10 hadi 12, mpaka akiba ya fedha iliyo juu isionyeshe wekundu hata kivulini. Uzamishe mkebe kwenye ndoo ya maji kwa koleo refu, huku ukigeuza uso usivute mvuke. Plasta itapasuka yenyewe. Ukiwahi, fedha inaweza kuchanika. Ukichelewa mpaka ipoe kabisa, plasta hung'ang'ania kwenye kila kona na fedha inakuwa ngumu zaidi. Maji ya ndoo usiyamwage kwenye sinki. Plasta huzama na kuziba bomba, kwa hiyo acha itulie, mwaga maji ya juu, tupa tope.

Sugua kwa mswaki, kisha weka pete kwenye asidi ya kusafishia: gramu 100 za sodiamu baisalfeti kwa lita 1 ya maji, ipashwe moto wa nyuzi 60, isichemke. Tia asidi majini, si maji kwenye asidi. Itoe kwa koleo la shaba au plastiki. Koleo la chuma likigusa asidi hiyo, shaba iliyoyeyuka humo hujipaka juu ya fedha na kuifanya ya waridi. Suuza kwa maji yenye soda ya kuokea.

Kumalizia

Kata mrija kwa msumeno wenye uzi namba 2/0, ukiacha kisiki cha milimita 1, kisha kiondoe kwa tupa ukifuata umbo la mahali pale. Weka pete kwenye fimbo ya chuma na uigonge kwa nyundo ya ngozi au nailoni irudi duara. Msasa uende 320, 400, 600, 1200, kila namba ikikatiza mwelekeo wa iliyotangulia. Mikwaruzo ya namba ya awali ikionekana bado, usisonge mbele. Ikitokea kivuli cha zambarau hafifu chini ya mng'ao, ni shaba iliyoungua ndani ya fedha. Hakuna dawa ya kupaka, rudi kwenye 400 uiondoe.

Kwenye gurudumu la kung'arishia tumia dawa ya kahawia kwanza, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha dawa nyekundu kwa gurudumu jingine. Usivae glavu hapa. Gurudumu likishika glavu hushika na mkono. Shikilia pete kwenye robo ya chini ya gurudumu inayoelekea kwako, ikiponyoka iende chini. Usiing'arishe sanamu yote. Kuacha mashimo yakiwa makavu na vilele vikiwa na mng'ao kunaonyesha uchongaji vizuri kuliko mng'ao uliosambaa kila mahali.

Kwa giza ndani ya mikato, yeyusha potasiamu salfaidi kidogo kwenye maji ya moto yasiyochemka, chovya pete kwa sekunde chache, suuza, rudia mpaka rangi ikupendeze, kisha futa vilele. Fanya hivyo penye hewa, na mbali kabisa na bakuli la asidi: vikichanganyika hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu.

Kusoma kasoro

Vidonge vya mviringo juu ya uso ni viputo vilivyokuwa kwenye plasta: nta haikupakwa sabuni au pampu ilivuta kidogo. Huondolewa kwa patasi ndogo, ila vikiwa ndani ya jicho la mnyama uliyemchonga kwa saa nne, hakuna la kufanya. Mapezi membamba yanayochomoza ni nyufa za kalibu, na nyufa hutokana na maji kuzidi, mkebe kutikiswa ndani ya saa zile 2, au tanuri kupanda kwa kasi. Pete isiyojaa, kingo zikiwa za mviringo na laini, ni baridi: fedha, mkebe, au ukuta mwembamba kupita kiasi. Uso mzima kuwa na chenga chenga ni kinyume chake, kalibu au fedha ilikuwa ya moto mno.

Vishimo ndivyo vinavyohitaji jicho. Vya gesi ni vya mviringo, laini ndani, na vimesambaa kote. Tafuta mwali wenye oksijeni, kaboni tanurini au fedha chafu. Vya kunywea vina kingo zilizochanika na hukusanyika mahali pamoja, hasa kwenye bonge nene au pale mrija ulipoungana. Kwa vishimo hivi vya kunywea kubadili joto hakusaidii: badili unene wa mrija, au mahali ulipo, au chimba bonge kwa chini.

Mirija na akiba iliyokatwa isafishwe plasta yote kwa asidi kabla ya kuyeyushwa tena, maana plasta ikipata moto pamoja na fedha hutoa salfa. Kila unaposubu, nusu ya fedha au zaidi iwe mpya. Ikiyeyushwa mara nyingi bila kuongezwa mpya, hukusanya oksidi za shaba, na pete zake hukatika zikigongwa kwenye fimbo.